Mwaka wa Mitamba Watano

Neema, binti yangu anayefanya kazi Chamwino, alinipigia simu asubuhi saa ya chai, saa ambayo anajua nina wateja. Hapigi saa ile. Nikaweka mwiko chini nikamsikiliza. "Mama," akasema, "Mama Mkubwa amefariki jana jioni. Wanazika kesho." Nilimwuliza yale ambayo watu huuliza, aliumwa nini, alikuwa na nani, nani anakwenda, kisha nikarudi kwenye sufuria ya maharage, nikawapakulia vijana wa ofisini waliokuwa wakingoja, nikafunga banda langu la chakula pale Makole mapema kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia. Baba yake Neema alipofariki sikulia. Nilimtuma mtoto na salamu, nikaendelea kusukuma chapati. Lakini kwa Mama Chilewa, mke mwenzangu, mwanamke ambaye kwa mwaka mmoja nilimwonea wivu usiku na mchana, nililia hadi jirani yangu muuza mkaa akaja kuuliza nimeibiwa nini.

Kijiji chenyewe sitakitaja, maana wenyewe wapo na wajukuu wanasoma. Nilikuwa na miaka ishirini nilipoingia huko kama mke wa pili, baada ya mavuno, na nianze na jambo lililoniuma kwanza, kwa kuwa ndilo lililozaa mengine: niliolewa kwa mbuzi wanne na maneno. Maneno yalikuwa haya. Miaka miwili kabla yangu, wakulima na wafugaji wa upande ule walipigana kwa sababu ya maji na malisho. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, na waliotumwa kutuliza vurugu wakakusanya ng'ombe wote walioonekana, wa mkulima na wa mfugaji, wakawafungia katika zizi moja mpaka ijulikane nani ana haki gani. Kilikuwa kiangazi. Ilipokuja kujulikana, wengi walikuwa wamekufa kwa kiu, na wengine hakuna aliyeweza kueleza wamekwenda wapi. Serikali ikakubali kuwafidia wenye mali, tena kwa mifugo, si kwa fedha. Ndipo mume wangu, ambaye zizi lake lilikuwa tupu, akamwambia baba yangu: "Mzee, pokea hawa mbuzi wanne. Fidia ikitoka, ng'ombe wawili wa kwanza ni wako." Baba akakubali. Mimi sikuulizwa, ila ningeulizwa ningekubali. Alikuwa mwanamume mrefu, mcheshi, na siku ya kwanza aliponikuta kisimani alinichekesha mpaka maji yakanimwagikia.

Aliitwa Baba Chilewa, na hata mimi nilimwita hivyo. Chilewa alikuwa mtoto wa kwanza wa mke mkubwa, wakati huo yuko shule ya bweni, wala sikuwa nimemwona. Lakini kila nilipomwita mume wangu nilikuwa namtaja mtoto wa mwanamke mwingine. Mtu ambaye hajaolewa mitala atasema ni jina tu. Mimi niliamka nalo na kulala nalo. Nikimpelekea maji ya kuoga, "Baba Chilewa, maji tayari." Nikimwuliza atakula nini, "Baba Chilewa, nipike nini?" Nilianza kuhesabu mara ngapi kwa siku nalisema, kisha nikaacha kuhesabu, nikaanza kumwita kwa kukohoa.

Nyumba yetu ilikuwa tembe ndefu, ya chini, yenye paa la udongo, na vyumba vyetu viwili vilitenganishwa kwa ukuta wa fito na matope usiofika juu. Chumba changu kilikuwa kipya, kinanuka udongo mbichi. Ndani mlikuwa na kitanda, sanduku la bati na kioo nilichokuja nacho. Chake kilikuwa na kila kitu. Kulikuwa na vilindo viwili vya magome ya mti vilivyojaa uwele, virefu kunipita. Kulikuwa na ngozi iliyolainika kwa kulaliwa miaka na miaka. Ukutani vilining'inia vibuyu vya maziwa saba, vikubwa kwa vidogo, vyote vitupu, na kila wiki alivishusha, akavisugua, akavifukiza kwa vijiti vya moto kana kwamba jioni ile atakamua. Nilimwuliza mara moja, kwa sauti ambayo leo naijua kuwa ilikuwa ya dharau, "Dada, unavifukiza vya nini na zizi halina hata ndama?" Hakukasirika. "Vikishika uvundo, mdogo wangu, ng'ombe wakija nitakamulia kwenye kiganja?" Harufu ya moshi ule ilipita juu ya ukuta ikaingia kwangu, tamu, nzito, na nililala nikiichukia.

Nilijitahidi kwa mapishi. Nilikuwa nimekulia karibu na mji, najua kukaanga kitunguu, najua dagaa wa nyanya na wali wa nazi. Baba Chilewa alikula vyote, akashukuru, akajipangusa mdomo. Kisha nilimsikia upande wa pili akisema, "Hakuna mlenda leo?" na kijiko cha mti kikigonga chungu, na ugali wa uwele ukipakuliwa. Alikuwa akija kwangu kama mgeni anayekaribishwa vizuri, na kwake alikwenda kula. Ningeweza kuvumilia hilo. Kilichonishinda ni mazungumzo ya mchana, baada ya chakula, jua likiwa kali na watu wote wamejificha ndani. Walikaa wawili wakiwazungumzia ng'ombe wao waliopotea, mmoja mmoja, kwa majina.

"Machozi angekuwa amezaa mara ya nne sasa," mume wangu alisema.

"Ya tano. Umemsahau yule dume aliyeliwa na fisi."

"Kweli, ya tano. Na Sindano je? Bado angekuwa anampiga mateke mkamuaji?"

"Sindano hakunipiga mimi hata siku moja. Alikupiga wewe, kwa sababu mikono yako ina baridi."

Wakacheka, kisha wakayarudia majina yale polepole, kama wazazi wanaokumbuka watoto waliozikwa. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimelala chali, macho juu. Kushindana na mwanamke nilijua. Nilikuwa kijana, nilikuwa mzuri, nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba na kufaulu. Kushindana na ng'ombe waliokufa sikujua. Ningependa kuandika kwamba niliwahurumia. Niliwaza tu kwamba mimi na mume huyu hatujapoteza kitu chochote pamoja, na kwa hiyo hatuna kitu.

Mama Chilewa mwenyewe ndiye aliyenieleza ng'ombe wale walikotoka. Tulikuwa juu ya paa tukianika majani ya kunde. Ulikuwa mwaka wa njaa, akasema, Chilewa bado ananyonya, na yeye peke yake pale kijijini ndiye aliyepanda uwele kabla ya mvua na kupata kitu. Akapita msafiri na mtamba mmoja aliyekonda, anataka nafaka awapelekee watoto wake. Alimpa uwele akabaki na mtamba. Kwa mtamba yule walitoka wanane. "Baba Chilewa yeye alikuwa na watatu, wa urithi," akasema, akigeuza majani. "Hao wanane ni jasho langu." Alisema hivyo bila majivuno, kama mtu anavyosema huu ni mkono wangu. Nikaweka lile neno moyoni. Mimi jasho langu lilikuwa wapi?

Likizo ya shule ilipofika, Chilewa akabaki bwenini kujiandaa na mtihani, maofisa wa tathmini walikuja wakakaa katika darasa la tatu, kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda hadi kifuani. Aliyeuliza maswali alikuwa afisa mifugo mwenye miwani, mtu mpole aliyechoka, na pembeni yake kijana wa kujaza fomu. Siku ya kwanza Baba Chilewa aliandikisha watatu wake. Jioni akamwambia mke mkubwa, nami nikiwapo, "Wale wanane kesho nenda mwenyewe. Wanataka mwenye mali aeleze rangi na alama." Mama Chilewa akasema Kiswahili chake ni cha sokoni, hakitafika mbali. "Nenda na Debora," mume wangu akasema. "Amesoma huyu. Atakusemea." Nilijivuna. Lilikuwa jambo la kwanza nyumbani pale ambalo mimi tu ndiye niliyeliweza.

Basi tukaenda, yeye amevaa khanga yake ya kanisani. Afisa alimwamkia, akamkaribisha, akauliza wangapi, wa rangi gani, wamekatwa masikio vipi. Mama Chilewa alisimama akawaeleza kwa Kigogo, taratibu, mmoja baada ya mwingine: Machozi na mistari miwili myeusi chini ya macho, Sindano na pembe nyembamba, yule mwekundu asiye na jina kwa kuwa alizaliwa wiki ile ile ya vurugu. Nilitafsiri vizuri. Mpaka leo nasema nilitafsiri vizuri, neno kwa neno, karibu saa nzima, na kadiri nilivyosema ndivyo roho ilivyozidi kuniuma, maana ng'ombe niliowasikia nyuma ya ukuta kila mchana sasa walipita mdomoni mwangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu. Kisha afisa akavua miwani, akaifuta.

"Sasa muulize, hawa wanane ni mali ya nani?"

Nikamwuliza. Akajibu bila kufikiri: "Wangu. Wa kwanza nilimpata kwa uwele wangu, mwaka wa njaa. Mume wangu anajua, na kijiji kinajua."

Kalamu ya yule kijana ilikuwa inangoja. Nikasema, "Anasema ni wa nyumba ya Baba Chilewa."

"Baba Chilewa ndiye yule wa jana? Wa watatu?"

"Ndiye."

"Basi tusijaze fomu mbili za nyumba moja," akamwambia kijana. "Andika kumi na mmoja, jina la mzee."

Mama Chilewa alinitazama. "Ameuliza nini tena?"

"Ameuliza kama tumemaliza," nikamwambia.

Akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa, akashukuru, tukarudi nyumbani. Njiani alininunulia miwa. Sikutumwa na mtu, na wala sikuwa nimepanga. Lakini nilipokuwa nalisema lile neno nilijua ninalolifanya: ng'ombe wakiwa wa mume, wawili watakwenda kwa baba yangu, na mimi nitakuwa nimeolewa kwa ng'ombe kama yeye. Na chini ya hilo kulikuwa na jambo lingine, baya zaidi, ambalo sikuliambia hata nafsi yangu. Nilitaka asiwe tena na kitu cha kusema ni jasho lake.

Wiki chache baadaye orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa shule. Nilikuwa na Baba Chilewa alipoisoma. Alisoma kwa kidole, polepole, akafika kwenye jina lake, kidole kikasimama. "Kumi na mmoja," akasema. Akasoma tena mpaka chini, akitafuta jina la mkewe, hakuliona. Alinitazama. Nikatazama kwingine. Nilingoja aseme tunakwenda kusahihisha, na sijui kama nilitaka aseme au asiseme. Akasema tu, "Basi, si ni kitu kile kile?" akanichukua mpaka dukani, akaninunulia soda. Ilikuwa soda ya kwanza kunipa tangu anioe. Niliinywa mpaka tone la mwisho, nimesimama jirani naye mbele za watu, na nilikuwa na furaha.

Mitamba waliletwa mvua zilipokuwa zimetulia na majani yamefika magotini. Mmoja kwa kila wawili waliopotea, ndivyo ilivyoamuliwa. Mama Chilewa alikuwa amesokota kamba nne za katani, kwa ajili ya wanne wake, akaja nazo begani. Lori likarudi kinyumenyume uwanjani, watu wakapiga vigelegele, majina yakasomwa. Liliposomwa jina la mume wangu, afisa akasema, "Kumi na mmoja. Mitamba watano."

"Na nusu yangu imekwenda wapi?" Baba Chilewa akauliza.

"Nusu ya ng'ombe haitembei, mzee."

Uwanja mzima ulicheka. Mama Chilewa alicheka pia. Akaendelea kusimama na kamba zake, akingoja kuitwa. Majina yakasomwa mpaka la mwisho, karatasi ikakunjwa, lori likafungwa mlango. Ndipo akasogea mbele, akasema kwa Kiswahili, "Na mimi?" Yule afisa akafungua tena karatasi, akatafuta kwa upole kabisa, akasema, "Mama, wewe umo ndani ya jina la mzee." Watu wote walimtazama. Alitembea mpaka walipo wale mitamba watano, akawafunga kamba mmoja mmoja, kwa mikono yake, akiwasemesha, na yule wa tano aliyekosa kamba akamfunga kwa mtandio wake. Nilidhani nitafurahi kumwona amenyang'anywa. Nilifurahi, kweli, kutoka shuleni mpaka nyumbani. Jioni ile hakuvifukiza vibuyu, na ule utulivu wa upande wa pili wa ukuta uliniogopesha.

Nikaanza kungoja. "Baba Chilewa, na wale wa baba yangu?" Akasema waache wazoee maji ya huku. Baada ya mwezi nikauliza tena. Akasema ng'ombe hapelekwi safari akiwa na mimba. Mimi mwenyewe nilikuwa na mimba wakati huo. Kisha mchana mmoja, nimejilaza kwa sababu ya kichefuchefu, nikawasikia wakizungumza tena, nikategemea ni yale yale ya Machozi na Sindano.

"Watatu wameshakwenda," mume wangu alisema.

"Wamekwenda wapi?"

"Kwa mzee mmoja wa kijiji cha pili. Ana binti."

Nilisikia Mama Chilewa akichukua kitu, akikiweka chini.

"Debora anajua?"

"Atajua."

Yule binti alikuja kwa nyimbo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mweusi wa kung'aa, kimya, mwenye shingo ndefu. Aliyetolewa ng'ombe hata mwendo wake ni mwingine, au ni mimi niliyemwona hivyo. Nilimpikia pilau ya kumpokea. Watatu! Mimi mbuzi wanne, na yeye mitamba watatu wa serikali, tena niliomtafutia mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu, mbele ya mtu mwenye miwani. Siku ile ndipo nilipojua kwamba ule wivu wangu wa mwanzo ulikuwa wa kitoto. Huu ulinikausha maji mwilini. Nilishindwa kula siku mbili, na Mama Chilewa ndiye aliyeniletea uji, akakaa mpaka nikaumaliza, kwa ajili ya mtoto, akasema, si kwa ajili yako.

Asubuhi ya tatu nilimfuata jikoni kwake. Alikuwa anapepeta uwele. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa mkupuo: afisa aliuliza nini, yeye alijibu nini, mimi nilisema nini. Ungo haukusimama. Niliendelea kusema hata baada ya kumaliza, nikirudia, nikilia, nikisema shetani, nikisema utoto. Mwishowe akauweka ungo chini.

"Nilikusikia," akasema.

Sikuelewa. "Ulinisikia wapi, dada?"

"Pale pale darasani. Kiswahili changu ni cha sokoni, lakini nyumba najua ni nini. Nilikusikia ukisema nyumba ya Baba Chilewa. Nikanyamaza." Akachukua tena ungo. "Nilidhani nyumba ya Baba Chilewa ni mimi."

Nimeishi na maneno yale miaka yote hii, nikikoroga sufuria za watu. Siku ile nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, nitaumiza mtoto. "Kuniambia mimi hakutoshi," akasema. "Mimi ninajua. Utakwenda kusema kule kwa wakubwa, kwa Kiswahili kile kile."

Nilijua maana yake. Kwenda baraza la kata kusimama dhidi ya mume wangu, na mimi mahari yangu haijalipwa, ilikuwa sawa na kufunga mizigo. Nilikwenda. Nisijipambe hapa, maana walio hai wanaweza kucheka: sikwenda kwa sababu ya haki peke yake. Nilipokuwa natembea kando ya Mama Chilewa kwenda ofisi ya kata, tumbo limenitangulia, nilikuwa namwona yule binti mwenye shingo ndefu akirudishwa kwao, na baba yake akinyang'anywa mitamba wale watatu. Nilikwenda kusema kweli kwa wivu ule ule niliosemea uongo.

Wazee wa baraza walisikiliza. Baba Chilewa alikuwapo, amevaa koti. Nilipomaliza kusema, mzee mmoja akamwuliza, "Na wewe ulipoiona orodha ukutani, ulijua ni makosa?" Mume wangu akafikiri, akasema, "Nilijua. Lakini ni mke wangu. Ng'ombe wa mke ni wa nani?" Wazee walitazamana. Wawili walionekana kukubaliana naye. Mwishowe walikata shauri hivi: waliokwisha kutolewa mahari hawarudi, kwa kuwa mwenye binti alipokea kwa nia njema, wawili waliobaki zizini ni wa Mama Chilewa, na mume atamtafutia wengine wawili atakapopata. Hakupata, au hakutafuta. Lakini wale wawili walikuwa wake, kwa karatasi yenye mhuri.

Baba Chilewa hakunipiga wala hakupaza sauti. Tulipofika nyumbani alisema, "Rudi kwa baba yako. Mwambie wale mbuzi wanne nimemsamehe." Alisema hivyo kwa utani, kama siku ile ya kisimani, na yule mke mdogo, mlangoni pake, aliinamisha kichwa asionekane anacheka au analia. Nilifunga sanduku langu. Mama Chilewa alilibeba kichwani mwake mpaka barabarani, mwendo wa saa mbili, kwa kuwa mimi sikuweza. Tulizungumza habari za njiani tu, mashamba ya nani yameota, nani amehama. Gari lilipokuja akanisukuma ndani. "Akiwa wa kike, umlete nimwone," akasema. Alikuwa wa kike. Sikumleta. Aibu haikuwa imenizuia kusema kweli mbele ya baraza, lakini ilinizuia kupanda gari la kwenda kule kwa miaka zaidi ya ishirini. Neema ndiye aliyekwenda mwenyewe, alipokuwa mkubwa, akarudi na chupa ya samli na salamu, na kila mwaka baada ya mvua ilinijia chupa nyingine.

Nilifika msibani jioni ya siku ya mazishi, wamekwisha kufukia. Tembe haipo tena. Chilewa, ambaye sasa ana mvi, amejenga nyumba ya bati na saruji. Aliniamkia, "Shikamoo mama mdogo," akanionyesha waliko wanawake. Katikati ya mkeka alikaa mke wa tatu. Wanamwita Mama Rehema siku hizi. Shingo bado ni ndefu, ila imeingia mikunjo. Yeye ndiye aliyempikia Mama Chilewa, aliyemwogesha, aliyemshika mkono miaka mitatu ya mwisho alipokuwa haoni. Waombolezaji wote walikwenda kwake kwanza kumpa pole, wakamwinamia kama mtoto wa marehemu. Samli ile ilisukwa na yeye, nikaja kuambiwa, kwa maziwa ya uzao wa wale wawili, kila mwaka, kwa kuagizwa. Nikakaa ukingoni mwa mkeka na nikaujua ule moto kifuani. Sikuwa nimeusikia tangu ujana. Mume nilikuwa nimeshamsahau hata sura. Nilimwonea wivu mwanamke yule kwa miaka yake ishirini na kitu pembeni ya Mama Chilewa, miaka ambayo ningekuwa nayo mimi.

Watu walipopungua nilimsogelea. Nilikuwa nimekusudia kumpa pole. Nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Aliwahi kunitaja?"

"Si sana," akasema. "Mara moja nilimkosea. Nilikuwa bado mgeni, nikamjibu vibaya kuhusu maji. Nikamwambia, usinifanyie hivi, mimi ni mke mwenzako. Akaniambia, hapana, wewe ni mwanangu. Mke mwenza nilikuwa naye mmoja tu, na amerudi kwa baba yake."

Aliyasema akitazama mikono yake. Moyo wangu uliruka kwa furaha, mzee mzima, msibani, udongo wa kaburi haujakauka. Kisha nikamtazama usoni, nikaona kwamba maneno yale yalimchoma siku alipoambiwa, na kwamba yamekuwa yakimchoma miaka yote hii, alipokuwa akimwogesha na kumlisha. Nikamwambia, "Umechoka, mdogo wangu. Lala kidogo, mimi nitapokea wageni." Akakunja khanga yake, akaiweka pajani pangu, akalaza kichwa.